Sura ya 6: Kilomita Kwanza, Bei Baadaye

Mkandarasi wa Nakuru akipata kazi ya miaka mitatu kule Olkaria au Menengai, hupiga simu kwa watu wa kukodisha magari na kuuliza swali moja: pikapu ya milango minne ni pesa ngapi kwa mwezi? Atajibiwa upesi. Atapiga simu mbili tatu zaidi, atalinganisha majibu, atachagua la chini kabisa, na ataondoka akiamini amepunguziwa. Kumbe amejadiliana juu ya kitu cha mwisho badala ya kile cha kwanza. Bei ya mwezi ni jibu la hesabu, na hesabu yenyewe imebaki mezani kwa mwenye gari.

Sura hii inahusu hesabu hiyo. Nazungumzia kukodi gari kwa muda mrefu, miezi 24, 36 au 48, iwe ni kwa kampuni kubwa za ukodishaji kama Vaell au Co-op Bank Fleet Africa Leasing, au kwa mtu binafsi wa mitaa ya Nakuru kama Milimani au Section 58 mwenye magari matatu yanayomletea mkate. Kampuni kubwa itakupa mkataba wa kurasa nyingi, naye mtu binafsi atakupa karatasi moja, pengine salamu ya mkono tu. Namba zinazoamua nani atafaidika ni zile zile.

Namba hizo ni hizi. Ya kwanza ni bei ya gari lenyewe siku mkataba unapoanza. Ya pili ni thamani ya mwisho, yaani pesa ambazo gari linatarajiwa kuuzwa siku ya kulirudisha. Wewe unalipia tofauti kati ya hizo mbili, pamoja na riba ya pesa zilizofungwa ndani ya gari muda wote huo, bima, matengenezo, kifaa cha kulifuatilia gari, faida ya mwenyewe, kisha ushuru wa VAT wa asilimia 16.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari ni la shilingi milioni 2.4, mkataba wa miezi 36, na thamani ya mwisho imekadiriwa kuwa milioni 1.2. Gari linapoteza milioni 1.2 kwa miezi 36, sawa na shilingi 33,333 kila mwezi. Pesa zilizofungwa ndani yake, kwa wastani kati ya mwanzo na mwisho, ni milioni 1.8. Riba ikiwa asilimia 16 kwa mwaka, hizo ni 24,000 kwa mwezi. Hapo tumefika 57,333 kabla ya bima, fundi, faida na VAT.

Sasa mwombe mwenye gari akupunguzie bei ya mwezi. Kwa shingo upande atakutolea 2,000. Lakini ukirudi nyuma ukamwambia kwamba gari la aina hiyo na la mwaka huo linapatikana yadi kwa milioni 2.25, ukamwonyesha na mahali, hesabu yote inabadilika. Upotevu unashuka hadi 29,167 na riba hadi 23,000. Umeokoa zaidi ya 5,000 kila mwezi, na kwa miezi 36 ni kama 186,000, kwa kubishania 150,000 tu. Vivyo hivyo kwa thamani ya mwisho. Ukimthibitishia kwamba gari hilo baada ya miaka mitatu litauzwa kwa milioni 1.44, unaokoa takribani shilingi 182,000. Watu wengi hawajui kwamba namba hii hujadiliwa. Wengine hawajui kwamba ipo.

Ndiyo maana gari la kununua kwa bei ya chini laweza kuwa ghali kulikodi. Gari la Ulaya la kifahari lenye umri wa miaka saba hupatikana kwa bei inayoshangaza, lakini mnunuzi wake wa baadaye ni mmoja kati ya mia, na spea zake hazipatikani kila duka. Mwenye gari anajua hivyo, kwa hiyo thamani ya mwisho ataiandika chini sana, na upotevu huo wote utaubeba wewe. Linganisha na Probox. Hili ni gari ambalo Bonde la Ufa zima linalitegemea: linabeba maziwa alfajiri, kabichi za Molo saa nne, na watu jioni kuliko idadi iliyoruhusiwa. Probox hata iwe imechoka, mnunuzi yupo. Fielder na Axio nazo haziozi mkononi. Hilux na Isuzu D-Max, ambayo huunganishwa hapa hapa Kenya, zina soko kutoka Narok hadi Eldoret. Ukitaka mkataba mzuri ajabu, tafuta kwanza gari linalopoteza thamani polepole, hata kama bei yake ya kununua ni ya juu.

Sheria ya kuagiza magari nayo iko upande wako katika hoja hii. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kila Januari mwaka mmoja mzima wa magari hukatwa bandarini. Magari ya umri huo yaliyokwisha kuingia nchini hubaki bila ushindani mpya kutoka Japani. Kisha kuna shilingi. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Aliyetia saini mkataba wa miaka mitatu katika ule mwezi wa kwanza, kwa bei ya gari iliyopigwa kwa dola ya 160, alijifunga kwenye mlima ambao wenzake waliusubiri ukashuka. Dai mkataba wako uwe wa shilingi tangu mwanzo hadi mwisho, na ukiona dola imepaa ghafla, kodi kwa miezi mitatu au sita kwanza.

Kilomita na barabara

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi huliacha hadi siku ya kutia saini, na ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote katika sehemu hii ya nchi.

Kila mkataba wa muda mrefu una kikomo cha kilomita, na ukikipita unalipa kwa kila kilomita ya ziada. Chukua kikomo cha 2,500 kwa mwezi. Ukikisikia, kinaonekana kutosha. Lakini kutoka Nakuru hadi Naivasha ni kama kilomita 70. Meneja anayelala Nakuru na kufanya kazi kwenye shamba la maua la Naivasha hukata 140 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 3,080. Kila mwezi amezidisha 580. Kwa shilingi 20 kila moja, hizo ni 11,600, na kwa miaka mitatu zinapita laki nne. Mkataba uliokuwa wa bei nafuu kuliko yote umegeuka kuwa wa bei kali kuliko yote, na hakuna aliyemdanganya. Hakuhesabu.

Kwa hiyo kabla hujampigia yeyote simu, andika safari zako za mwezi mzima. Nakuru hadi Njoro na kurudi, mara ngapi? Nairobi, kilomita 160 za kwenda peke yake, mara ngapi? Kuna kushuka Marigat, kiasi cha kilomita 100? Ukiwa na karatasi hiyo mkononi una silaha mbili. Ukizidi kikomo, unanunua kilomita za ziada mapema, na mapema huwa ni rahisi kuliko kulipa faini mwishoni. Usipokifikia, unadai upunguziwe, kwa maana gari litakalorudi na kilomita 50,000 halina bei moja na lile la 90,000. Tena omba kilomita zihesabiwe kwa mwaka badala ya mwezi. Mwezi wa Agosti shule zikifungwa gari linaweza kulala nyumbani, na mwezi wa Oktoba likakimbia bila kupumzika. Ukihesabiwa kwa mwezi, Oktoba unatozwa na Agosti hurudishiwi kitu.

Baada ya umbali kuna aina ya njia. Nakuru mjini ni takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Eldoret unapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na ukielekea Marigat unashuka kwenye joto la karibu mita 1,000. Hakuna gari linalosafiri hivyo kila wiki likabaki na breki na klachi ya gari la mjini. Mau Narok kwenye mvua za Machi hadi Mei ni matope yanayoshika gari hadi kwenye ekseli. Kiangazi, vumbi la Bonde hili, laini kama unga, huingia kila mahali, na kichujio cha hewa ambacho kitabu cha gari kinasema kitadumu miezi kadhaa huziba mapema zaidi. Kwenye barabara kuu ya A8 malori ya mizigo hurusha kokoto, na kioo cha mbele kupata ufa ni suala la muda tu.

Kwa nini nayataja haya katika sura ya bei? Kwa sababu mkataba utasema gari lirudishwe likiwa na uchakavu wa kawaida. Kawaida ya wapi? Mwenye gari wa Nairobi anafikiria lami ya Ngong Road. Wewe unafikiria Mau Narok. Msipoandika, siku ya kurudisha mtagombana, na amana yako iko kwake. Andikeni: ufa wa kioo usiozidi sentimita kadhaa haulipiwi, mikwaruzo ya chini ya gari hailipiwi, tairi zitabadilishwa kila baada ya kilomita fulani, kwa gharama ya fulani, shokabzoba na springi ni juu ya nani, kichujio cha hewa kibadilishwe mara ngapi. Taja kwa majina barabara utakazopita. Baadhi ya mikataba inakataza gari kutoka kwenye lami, na ukivunja sharti hilo hata bima inaweza kukugeuka. Ongezeni pia kifungu cha ada ya barabara. Upanuzi wa njia kutoka Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025, umepangwa kulipiwa kwa ada za wasafiri. Mkataba wa leo wa miaka mitatu au minne unaweza kuikuta ada hiyo njiani, na ni vyema ijulikane mapema nani ataitoa.

Jambo la mwisho katika fungu hili ni gari la badala. Serikali ya Kenya ilipoanza kukodi magari ya polisi mnamo 2013, sababu mojawapo ilikuwa aibu ya vituo vyenye magari mengi yaliyokaa juu ya mawe, bila pesa za spea. Faida kubwa ya kukodi ni kwamba gari likifa, tatizo ni la mwenye gari. Lakini faida hiyo ipo pale tu ilipoandikwa. Dai gari la badala ndani ya saa 24 au 48, la daraja lile lile, na udai kodi isimame siku zote ambazo huna gari. Mpango wa vifaa vya hospitali ulioanza 2015 ulitufundisha upande wa pili: kaunti zote 47 zilikatwa pesa kila mwaka kwa mashine za kukodi, na Seneti ilipochunguza ilikuta nyingine zimekaa bila kutumika, mahali pengine kwa kukosa umeme au wataalamu. Kodi iliendelea kutembea huku mashine zimesimama. Kifungu kimoja cha kusimamisha malipo kina thamani kubwa kuliko punguzo lolote la bei.

Msimu wa kubisha hodi

Wakulima wa ngano wanaelewa umuhimu wa wakati kuliko sisi wa mjini. Mashine za kuvuna zinapomaliza Narok hupanda kuelekea Uasin Gishu, ambako mavuno huchelewa, na mwenye shamba aliyezitafuta mapema hapati bei moja na aliyengoja ngano ikauke ndipo akimbie. Magari nayo yana misimu. Kuanzia Julai hadi Septemba nyumbu wako Mara na kila gari kubwa lenye nguvu limefuata watalii. Wiki ya Safari Rally, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuhamia Machi tangu 2024, Naivasha haishikiki. Desemba ni harusi na safari za kwenda kwa wazazi. Usijadiliane wakati huo.

Jadiliana Januari karo ikiwa imemaliza pesa za kila mtu, au Mei mvua ikinyesha na magari yakiwa yamepanga foleni kwenye maegesho. Na unapozungumza na mwenye magari matatu wa mtaani, muulize kwa heshima gari lake hufanya kazi siku ngapi kwa mwezi. Tuseme analikodisha kwa 4,000 kwa siku. Kwa mdomo hiyo ni 120,000 kwa mwezi, nayo ndiyo namba atakayoanzia. Lakini likifanya kazi siku 15, anapata 60,000, na kati ya hizo kuna kuosha, kutafuta wateja, na wateja wanaolirudisha limegongwa. Ukimpa 70,000 za uhakika, zinazoingia tarehe ileile kila mwezi, kutoka kwa mtu mmoja anayejulikana, mmepata wote wawili. Sijawahi kuona sababu ya kumkandamiza mtu wa namna hii. Gari la mtu aliyebanwa sana halipelekwi kwa fundi, na atakayekwama nalo Salgaa usiku ni wewe.

Karatasi tatu zinazofanana

Nchini Kenya mtu anaweza kuendesha gari ambalo si lake kwa karatasi za aina tatu, na wauzaji huzichanganya, wengine kwa makusudi. Kuna mkataba wa kukodi, ambao mwisho wake ni kurudisha gari. Kuna kununua kwa awamu, ambako gari huwa lako baada ya malipo ya mwisho. Na kuna mkopo ambao gari lako mwenyewe, kupitia hati ya umiliki, ndiyo dhamana.

Tofauti hii ina meno. Chini ya Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507, mkataba lazima usajiliwe ndani ya siku 30, na mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye gari hawezi kulinyakua barabarani. Lazima aende mahakamani. Kinga hiyo haimhusu mnunuzi ambaye ni kampuni, na kuna kikomo cha bei, shilingi milioni 4, ambacho sheria huruhusu kibadilishwe. Tuseme bei yako yote ni milioni 1.5. Siku uliyofikisha milioni moja, una haki ambayo aliyekodi au aliyekopa kwa hati ya umiliki hana. Kwa mkopo wa dhamana, inayofuatwa ni sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017, ambayo inampa mkopeshaji nafasi pana zaidi ya kulichukua gari. Muulize muuzaji waziwazi: hii ni karatasi gani kati ya hizo tatu? Akisitasita, usitie saini siku hiyo.

Uliza pia riba inahesabiwaje. Asilimia 2 kwa mwezi inasikika ndogo. Kwa mkopo wa milioni moja wa miezi 24, riba ikihesabiwa juu ya deni linalopungua kadiri unavyolipa, utatoa riba ya kama 269,000. Ikihesabiwa juu ya milioni yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, utatoa 480,000. Hiyo ni sawa na asilimia 3.4 hivi kwa mwezi, au karibu 41 kwa mwaka, kwa maneno yale yale ya "asilimia 2". Mwaka 2024 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitoza kampuni moja ya mikopo ya magari faini ya zaidi ya shilingi milioni 10 kwa kuwapotosha wateja wake. Usingoje mamlaka. Omba jedwali la malipo lenye deni lililobaki kila mwezi, na ulipitie ukiwa nyumbani umetulia.

Upande wa bima, neno moja. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halina kinga ya kukodishwa. Likigongwa mkononi mwako, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Soma cheti chenyewe, na uone kinasema matumizi gani. Kisha tafuta rekodi ya gari kwenye mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, uone jina la mwenyewe, na kama kuna benki iliyoandikishwa pamoja naye. Kama gari lina deni na mwenyewe halipi, dalali atakuja kulichukua kwako hata kama wewe hujawahi kuchelewa hata siku moja. Katika hali hiyo, panga kodi yako ilipwe moja kwa moja benki.

Siku ya kurudisha

Iliyobaki ni haki ya kulinunua gari mwishoni. Omba iandikwe tangu siku ya kwanza, kwa ile thamani ya mwisho mliyokubaliana, tena kwa shilingi. Hapa ndipo namba mliyoibishania mwanzoni inarudi kwa njia usiyoitegemea. Uliyataka makadirio yawe ya juu ili kodi iwe ndogo, na mwenye gari akakubali milioni 1.44. Miaka mitatu ikipita, kama magari yameshuka bei na soko linatoa milioni 1.2 tu, unamrudishia funguo na hasara ni yake. Kama shilingi imeanguka na ushuru umepanda, na gari lile lile linauzwa milioni 1.7 kwenye yadi, unalinunua kwa 1.44 na tofauti ni yako.

Anza kuulizia bei za yadi siku 90 kabla ya mkataba kuisha. Mpe fundi usiyemlipa mshahara alikague gari, lioshwe, lipigwe picha pande zote pamoja na kilomita zake, na mjulishe mwenye gari uamuzi wako kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye mkataba. Ukilinunua, umiliki uhamishwe kwenye mtandao wa NTSA kabla ya pesa za mwisho kutoka mfukoni mwako.